Jasho la Boila

Mimi nalipwa kushuku. Wengine hulipwa kufundisha, wengine kuchomelea vyuma, mimi nalipwa kusimama getini na kutomwamini mtu hata akinisalimia kwa heshima zote. Siombi radhi kwa hilo. Kabla ya kuja hapa nililinda kwenye mgodi wa dhahabu, na huko nilimkamata mtu aliyeficha kijiwe chenye dhahabu ndani ya kitumbua. Alikuwa amekishika kama mwenye njaa, lakini haking'ati. Tangu siku hiyo mtu akishika chakula bila kula, mimi humtazama mara mbili.

Kwa hiyo Meshack alipoanza kuja kazini akinukia sabuni, nilimtazama mara mbili.

Meshack ndiye mpokea mafuta wa kituo chetu cha umeme. Kituo ni cha Bosi Jashvant, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba Shinyanga mjini. Mwana akaona pamba ina msimu lakini dhahabu haina, akaja kujenga huku kando ya barabara ya Katoro. Tuna injini kubwa zinazochoma mafuta mazito, yale meusi yanayokaribia kuwa lami, na umeme wake tunawauzia wenye mitambo ya kusaga na kuchenjua mawe. Lori la mafuta likifika, Meshack hupanda juu, hupima, husaini, kisha huyateremsha kwenye matangi. Kazi hiyo haina siri, ukiifanya unanuka. Mkeo anajua, na hata mbuzi wako anajua. Sasa mtu wa mafuta asiyenuka mafuta, tena vidole vimekunjamana kama vya dobi, huyo ana jambo lake.

Nikaliweka moyoni. Mlinzi akisema kila anachoshuku, watu huacha kumsikiliza kabla hata chai haijaiva.

Siku hizo kituo kizima kilikuwa kinauguza boila. Boila hilo lilibuniwa na Injinia Eunice, binti wa wakulima wa tumbaku wa Ushetu, anayefanya kazi zake Kahama. Nilimjua vizuri siku aliyotaka kutoka na kipande cha bomba kwenye mkoba. Kwenye geti langu chuma hakitoki bila maelezo, ndivyo nilivyomwambia, injinia au si injinia. Nilidhani atanipandishia sauti. Badala yake aliweka mkoba chini, akaketi kwenye benchi langu na kunieleza.

Kwao, alisema, baba yake ana bani la kukaushia tumbaku. Moto unawashwa nje, moshi unapita ndani kwenye mabomba makubwa, unaacha joto lake humo, kisha unatokea upande wa pili. Moshi ukitoka bado una joto kali, umechoma msitu bure. Ukiubana uache joto lote, mabomba ya mwisho yanalowana na kuoza. Baba yake huweka kiganja pale unapotokea, akajua kama amebana mno au amelegeza mno. Yeye shuleni alikwenda kujifunza hesabu za kiganja cha baba yake.

Hapa kwetu moshi wa injini ulikuwa unaruka angani na joto la kutosha kuchemsha bwawa. Eunice akachora sanduku refu la mabomba, likawekwa kati ya injini na dohani. Moshi unapita nje ya mabomba, maji yamo ndani, yanageuka mvuke, na mvuke unazungusha mtambo mwingine wa umeme. Mafuta ni yale yale, umeme umeongezeka. Mabomba ya juu kabisa, ambako moshi umeshachoka, ndiyo yanayopokea maji yanapoingia tu kutoka tangini.

"Na hapo juu ndipo pananinyima usingizi," aliniambia. "Mafuta haya yana salfa. Moshi wake ukigusa kitu cha baridi unatoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Tofauti ni kwamba jasho hili ni tindikali. Linakula chuma."

Ndiyo maana alibuni maji yasiingie ila yakiwa ya moto sana. Tangi lenyewe hupashwa na mvuke uliokwisha kufanya kazi yake. Kwa hesabu zake mabomba ya juu hayakupaswa kutoa jasho kamwe. Lakini kipande alichonionyesha kilikuwa kimetobolewa kama jani lililotembelewa na viwavi, na hayo yalikuwa mabomba mapya, yaliyochukua nafasi ya mengine yaliyooza vile vile. Kila yalipovuja, mtambo wa mvuke ulisimama, na wenye migodi walimpigia Bosi simu za matusi.

Nikamuuliza sababu ni nini. Akasema ziko mbili tu, ama maji yanaingia baridi, ama mafuta yana salfa nyingi kuliko ile aliyoandikiwa. Maji alikuwa ameyapima mwenyewe kila alipokuja, na kila alipokuja yalikuwa ya moto. Alikuwa anatoka Kahama asubuhi, anafika jua likiwa utosini.

Basi yakabaki mafuta. Na kwetu, ukisema mafuta umesema Meshack.

Sijui nani alianza. Maneno ya kituoni hayana mama, yana walezi tu. Ikasemwa kwamba Meshack anauza mafuta mazuri usiku, anajazia oili chafu za gereji. Mwanaima wa jikoni akasema Meshack amenunua godoro jipya. Athanas, mlinzi mwenzangu wa mlango wa nyuma, akaninong'oneza kwamba kabla jua halijachomoza Meshack hupita pale na dumu la njano, amelifunika sweta. Nilipomuuliza kwa nini hajawahi kulifungua, Athanas akatazama viatu vyake na kusema Meshack ni mtu mzuri. Ukitaka kumjua mlinzi mbovu, msikilize anavyowasifu watu.

Haikuchukua muda benchi la chakula likawa linamkimbia Meshack. Akikaa upande huu, wenzake wanakumbuka kazi upande ule. Alikula haraka, peke yake, kichwa chini, hakuuliza kitu. Mtu asiye na hatia huuliza, ndivyo nilivyojiambia. Sikumwonea huruma. Kusema kweli nilimkasirikia, kwa sababu alikuwa ananisalimia vizuri kila siku, na mimi huchukia kusalimiwa vizuri na mwizi.

Ila sikumshuku yeye tu. Bosi alikuwa amemwahidi Eunice kwamba boila hili likisimama, atampa kazi ya kubuni la pili kwa injini zilizobaki. Mtu aliyebuni boila bovu naye anahitaji mwizi. Nilimtazama Injinia mara mbili pia, na rula zake.

Bosi Jashvant alichoka. Alituita ofisini, mimi na Eunice, akasema sampuli ya mafuta imekwenda kupimwa mbali na majibu hayaji, na yeye hawezi kukaa anasubiri karatasi huku anaibiwa. Amezungumza na polisi, watakuja kesho asubuhi. Eunice alale nyumba ya wageni ya kituo, ashuhudie. Kisha akanigeukia.

"Mama Blessing, nataka dumu hilo mkononi mwako likiwa na mafuta yake. Kesho Meshack analala mahabusu."

Nikasema sawa, Bosi. Nilimwona Eunice anavyoshusha mabega, kama aliyetuliwa mzigo. Nikaliweka hilo nalo moyoni.

Alfajiri ilinikuta nyuma ya lundo la kuni za Mwanaima, karibu na mlango wa nyuma, nimejifunga kitenge juu ya koti la kazi. Eunice alinifuata huko. Alikuwa ametoka kuoga, nywele bado mbichi, na uso unang'aa kama wa bibi harusi. Akanong'ona kwamba hajawahi kulala mahali wanapomjali mgeni hivi, ndoo ya maji ya moto ilikuwa mlangoni kabla hajaamka. Nikamwambia anyamaze.

Meshack akatokea. Alikuwa amelibeba dumu kifuani kwa mikono miwili, limefunikwa sweta kama alivyosema Athanas, anatembea taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Kitu kimoja kilinigonga. Hakuwa anatoka upande wa matangi ya mafuta, bali upande wa boila. Nilikiona, nikakiacha kipite. Shaka ikishajenga nyumba haiulizi tena mlango uko wapi.

"Mwangaluka," alimsalimia Athanas kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," Athanas akajibu, akafungua huku anatazama mawingu.

Tukamfuata. Meshack alipanga chumba kwenye mstari wa nyumba za bati nyuma ya kituo. Wapangaji wa pale ni watu wa machimbo, leo wapo, kesho wamesikia dhahabu imetoka kwingine wamehama. Aliingia, akafunga mlango. Nilisubiri kidogo nisikie wanunuzi. Nilichosikia ni maji yakimiminwa, kisha kichanga kikilia. Sikubisha hodi. Mlinzi anayebisha hodi hukuta vitu vimeshahama.

Chumba kilikuwa kimejaa mvuke. Limi, mke wa Meshack, alikuwa ameketi kwenye kigoda, khanga imeshuka kiunoni, tumbo bado limelegea la mtu aliyejifungua juzi juzi. Kichanga kilikuwa kwenye lile godoro jipya. Na Meshack, mikono ya shati imekunjwa hadi juu ya viwiko, alikuwa anakamua taulo kwenye beseni la maji ya moto na kulikandamiza kwenye mgongo wa mkewe. Harufu ilikuwa ya sabuni tupu.

Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hilo halina mjadala. Lakini humkanda mama yake, au mama mkwe, au shangazi. Mwanaume kazi yake ni kutafuta nyama ya supu na kukaa mbali. Mama yake Meshack alikwisha kufa. Mama yake Limi yupo Nkome anaanika dagaa, na alikuwa amesusa tangu vijana hawa walipotoroshana bila kumaliza mambo ya mahari. Yote hayo niliyajua, maana mlinzi hujua. Sikuwahi kuyaunganisha na dumu.

"Funga mlango, Mama Blessing," Meshack akasema bila kuinua sauti. "Watu wasinione."

Nikafunga. Nikamwambia kwamba huko kituoni wanamwita mwizi wa mafuta, na polisi wako njiani.

"Najua wanavyoniita. Bora mwizi. Mwizi hufungwa, akatoka, watu wakasahau. Jina la hili halitoki."

Limi alikuwa amevuta khanga hadi kidevuni, machozi yanamtiririka kimya kimya. Nilitamani ardhi inimeze, na sikujua niangalie wapi, kwa hiyo nikamwangalia Eunice. Yeye hakuwa anamwangalia Limi wala Meshack. Alikuwa anauangalia mvuke. Kisha akaangalia pembeni, kwenye jiko la mkaa, ambalo lilikuwa baridi na majivu ya jana.

Akauliza maji hayo yamechemshwa wapi.

"Sijachemsha," Meshack akajibu. "Ni ya kwenye tangi la boila, kile kibomba cha pembeni. Sote tunachota pale, Injinia. Hata ya kwako ya kuoga, Mwanaima ameyachota mbele yangu."

Eunice akaupeleka mkono kwenye nywele zake mbichi, akauacha hapo. Kile kibomba alikuwa amekichora yeye, kwa ajili ya kuchukulia maji kidogo ya kupima. Akauliza ni nani wengine. Meshack akataja jikoni, mafundi wa zamu wanapotoka, nyumba ya wageni, nyumbani kwa Bosi. Hakutaja walinzi, lakini alinitazama. Kwenye kibanda changu cha getini kulikuwa na ndoo yangu nyekundu yenye kifuniko, na tangu boila lije sijanunua mkaa wa maji ya kuoga.

Tulirudi kituoni mbio. Eunice akapanda tangini na kipimajoto chake, akashuka uso umebadilika. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, ya kumwogeshea mtoto. Sote tulikuwa tumeshachota ya moto, na tangi lilikuwa limejijazia ya kisima, ya baridi, yanayoingia moja kwa moja kwenye mabomba ya juu. Yangepashwa tena, ndiyo, na ikifika mchana yangekuwa kama hesabu zake zinavyotaka, akija na gari lake kutoka Kahama ayakute yako sawa. Lakini kila alfajiri boila lilikuwa linatoa jasho. Alimshukuru Mungu kwamba dawa za boila huingizwa maji yakishatoka tangini, la sivyo angekuwa ametubabua ngozi kituo kizima.

"Dumu moja lisingelidhuru," akasema. "Ni sisi sote."

Gari la polisi lilikuwa limeshaingia. Geti langu lilikuwa limefunguliwa na mtu mwingine, na hilo liliniudhi hata katika hali ile. Askari wawili walisimama kwenye baraza la Bosi, wafanyakazi wamejaa uani kana kwamba ni siku ya mshahara. Barazani, kwenye kiti chake cha kamba, alikuwa Kantaben, mama yake Bosi, miguu iliyovimba ndani ya beseni, kama kila asubuhi. Athanas alimleta Meshack amemshika mkono. Leo ndiyo alikuwa mlinzi hodari.

Bosi akaniuliza mbele ya wote dumu lilikuwa na nini. Nikasema maji. Watu wakaguna. Nikasema maji ya moto, ya tangi la boila. Eunice akachukua nafasi hiyo, akapanda barazani na kumwinamia yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaomba ruhusa, akachovya vidole kwenye beseni na kuuliza maji haya huletwa na nani. Kantaben akasema Mwanaima humletea kila siku tangu lile sanduku la chuma lijengwe, na magoti yake hayajawahi kupata raha kama hii, ahsante sana. Eunice akamgeukia Bosi, akamweleza habari ya maji baridi na jasho la tindikali, kwa sauti ya chini, bila kumtaja mtu. Bosi alilitazama beseni kwa muda. Ni mtu wa biashara, alielewa upesi. Uani kila mmoja alianza kutazama kucha zake.

Nilidhani yamekwisha. Lakini mfanyabiashara hafungi hesabu mbili kwa risiti moja.

"Sawa," akasema. "Mabomba yameozeshwa na maji, na wote mmechota. Ila ninyi mnachota wazi. Huyu kwa nini anaficha? Leo dumu lina maji kwa sababu amesikia polisi wanakuja. Juzi lilikuwa na nini?"

Swali lilikuwa zuri. Ningekuwa mimi ningeuliza hilo hilo. Askari mmoja akatoa pingu mfukoni, na Bosi akanigeukia tena.

"Mama Blessing, wewe ndiye uliyeingia ndani. Kwa nini mtu afiche maji?"

Meshack alikuwa ananitazama. Alitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Nilimwelewa vizuri. Alikuwa ananiomba nimwache aende mahabusu. Nikafikiria niseme sijui. Nikamfikiria Limi kwenye kigoda, na maji yanayopoa kwenye beseni, na jiko lisilo na mkaa, na nani angemkanda kesho. Nilikuwa na hasira na Meshack kwa kunitwika jambo hili, na hasira zaidi na mimi mwenyewe kwa kusukuma ule mlango.

"Anamkanda mzazi," nikasema. "Limi hana mama hapa. Anamkanda yeye mwenyewe kwa mikono yake. Nimeona kwa macho yangu."

Kisha fundi mmoja akapasuka kicheko, mwingine akadakia, na ua wote ukalipuka. Hata askari alicheka, akarudisha pingu mfukoni huku anajifuta macho. Mwanaima alijifunika uso kwa upande wa khanga. Bosi alijaribu kujizuia akashindwa, akageukia ukutani. Meshack alisimama katikati yao, mtu huru, amekiinamisha kichwa chini kuliko siku zote walizomwita mwizi.

Kantaben peke yake hakucheka. Alitoa miguu yake kwenye beseni, akaiweka sakafuni ikitiririka maji.

"Baba yako," akamwambia mwanawe, "hakuwahi kunishikia hata kikombe."

Bosi akaacha kucheka. Wengine hawakusikia.

Yaliyofuata yalikuwa kazi za kawaida. Eunice alikiziba kile kibomba, akabuni tangi dogo la pembeni linalopashwa na mvuke uliokwisha kutumika, na bomba lake likatokezwa karibu na jiko, mtu achote apendavyo bila kuliibia boila. Mabomba ya juu yakabadilishwa tena na mpaka leo ni makavu. Kazi ya boila la pili amepewa, na siku hizi akija hufika alfajiri, na akiletewa ndoo ya kuoga huuliza kwanza imetoka wapi. Nilimwambia amejifunza ulinzi.

Meshack alibaki na kazi yake. Alipata na jina, wanamwita Mkunga. Lilianza siku ile ile kabla ya chakula cha mchana, na sasa hata madereva wa malori humwita hivyo wanapotaka asaini. Jina lilipanda pikipiki, likafika mnadani, likashikwa na wauza dagaa likaenda hadi Nkome. Haikupita muda, mwanamke mmoja mrefu akashuka kwenye geti langu na furushi kichwani. Hakunisalimia.

"Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, "nasikia huku kuna mwanaume anaifanya kazi yangu. Nionyeshe anapokaa."

Nilimpekua furushi, kazi ni kazi. Nilikuta dagaa, majani yaliyokaushwa ya kuchemshia mzazi, na taulo jipya. Alilifunga tena mwenyewe, akalikaza fundo mara mbili. Nilimsindikiza mpaka kwenye ule mlango, na safari hii nilibisha hodi.

Sasa Limi anakandwa na mama yake, na Meshack ananuka mafuta kama zamani. Maji bado huchota yeye, kwa sababu mkwe hawezi kubeba kutoka mbali, ila hapiti tena mlango wa nyuma. Hupita kwenye geti langu, jua limeshatoka, watu wanaona. Nimemwambia mara nyingi apite tu, simkagui. Husimama mbele yangu, hutua dumu, hufungua kifuniko mwenyewe kabla sijaomba, hulinyanyua na kuliinamisha karibu na uso wangu mpaka mvuke unanilowesha mashavu. Halafu hungoja.

Nami husema, pita.